Kabla hujafika kwa RDC, mwakilishi wa Rais wilayani: serikali ya Uganda inavyofanya kazi kuanzia LC1

Anayehamia Uganda na kupanga chumba Namuwongo, Kasese mjini au Arua anaweza kumaliza miaka bila kumhitaji waziri wala mbunge. Lakini atamhitaji mapema sana mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji. Ndiye anayejua nani analala nyumba gani, na muhuri wake ndio unaotakiwa benki, polisi, shuleni, mahakamani na kwenye ofisi ya vitambulisho. Habari nyingi za siasa ya Uganda zinazoandikwa kwa Kiswahili huanzia Ikulu ya Entebbe na kuishia Bungeni. Hapa nataka kuandika juu ya sehemu ya chini, kwa sababu huko ndiko watu wanakopoteza ardhi na pesa kwa kubisha mlango usiohusika.

Halmashauri za mitaa, ambazo kila mtu huziita LC tu (Local Council), ziko ngazi tano. LC1 ni kijiji, na mjini huitwa seli au zoni. LC2 ni parishi, au muluka. LC3 ni gombolola kwa vijijini, na kwa mijini ni divisheni au mji mdogo. LC4 ni saza, au manispaa. LC5 ni wilaya. Ukienda Mbale, Gulu au Masaka utasikia zaidi kuhusu jiji, kwa sababu mwaka 2020 miji kumi ilipandishwa hadhi ikatengwa na wilaya zake: Arua, Gulu, Jinja, Mbarara, Fort Portal, Mbale, Masaka, Lira, Soroti na Hoima. Wilaya zenyewe zilikuwa 33 mwaka 1986. Leo ni 135, ukiacha Kampala.

Mfumo huu ulizaliwa vitani. Wakati wa vita vya msituni Luwero, 1981 hadi 1986, wapiganaji wa NRA, jeshi la msituni la Yoweri Museveni, waliunda kamati katika vijiji walivyovishika, zikiitwa RC (Resistance Council). Museveni alipochukua nchi Januari 26, 1986, kamati hizo zilienezwa kila mahali. Sheria ya 1987 ikazitambua, ya 1988 ikazipa uwezo wa kusikiliza kesi. Katiba ya 1995 ikazipa jina la LC, na Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 ikapanga nani anafanya nini. Wazee wengi bado wanasema "aasii", yaani RC, wakimaanisha mwenyekiti wa kijiji, na sababu yake naielewa. Kwa mara ya kwanza kijiji kilichagua watu wake wenyewe, baada ya miongo mingi ya machifu walioteuliwa kutoka juu.

Sasa kuna jambo ambalo hata madiwani wengine hawalishiki vizuri. Si kila ngazi ya LC ni serikali. Wilaya, jiji, manispaa, divisheni, mji mdogo na gombolola ni serikali za mitaa kamili: zinaweza kushtaki na kushtakiwa, kukusanya kodi, kupitisha bajeti, kuingia mkataba. Kijiji, parishi na saza ni vitengo vya utawala tu. Ndiyo maana mwenyekiti wa LC1, hata akiwa na nia njema kiasi gani, hawezi kusaini mkataba wa kuchimba kisima wala kuajiri fundi wa barabara kwa fedha za umma. Anaweza kuomba, kushuhudia, kupatanisha na kuhimiza. Ukitaka kitu kinachojengwa kwa fedha za serikali, mlango wa kwanza wenye uwezo ni gombolola.

LC1 ni nani hasa

Baraza la kijiji ni wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi. Juu yao ipo kamati ya watu kumi: mwenyekiti, makamu wake ambaye kisheria ndiye anayeshughulikia ustawi wa watoto, katibu mkuu, katibu wa habari na uhamasishaji, wa usalama, wa fedha, wa uzalishaji na mazingira, kisha wawakilishi wa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Wananchi wanamchagua mwenyekiti peke yake. Yeye ndiye anayependekeza makamu na makatibu, na baraza la kijiji linawaidhinisha. Huyo makamu anasahaulika mno. Mtoto akipigwa, akinyimwa chakula au akitolewa shule, mtu wa kuitwa kwanza pale kijijini anajulikana kisheria, na mara nyingi hata yeye mwenyewe hajaambiwa kwamba kazi hiyo ni yake.

Rais, wabunge, wenyeviti wa LC5 na LC3 na madiwani huchaguliwa kwa kura ya siri. LC1 ni kwa kupanga mstari. Wagombea husimama mbele, kila mpiga kura anasimama nyuma ya mtu wake, watu wanahesabiwa kwa sauti hadharani na matokeo yanatangazwa palepale. Sifa zake ni bei nafuu na kwamba hakuna sanduku la kuiba. Ubaya wake unauona ukiangalia uso wa mpangaji ambaye mwenye nyumba wake ni mgombea. Mwenye deni anapanga mstari mbele ya macho ya anayemdai. Mimi nasimama upande wa wanaotaka kura ya siri hata kijijini, gharama iwe yoyote ile.

Uchaguzi wenyewe hauji kwa wakati. Ule wa 2001 ulifanyika chini ya mfumo wa Movement, usio na vyama. Baada ya kura ya maoni ya 2005 kurudisha vyama vingi, Mahakama ya Katiba iliamua mwaka 2007 kwamba LC1 na LC2 zilizochaguliwa kwa utaratibu wa zamani hazikubaliani na mfumo mpya. Hakuna uchaguzi uliofuata hadi Julai 10, 2018. Kwa miaka zaidi ya kumi, watu walioshika mihuri katika vijiji vya Uganda walikuwa wakikaa kwenye viti vyenye doa la kisheria. Waliochaguliwa 2018 walimaliza miaka mitano Julai 2023, na badala ya uchaguzi serikali ikawaongezea muda. Haya si mambo ya wanasheria pekee. Hukumu ya ardhi iliyotolewa na kamati isiyo halali inaweza kupingwa mahakamani miaka mingi baadaye, na aliyeshinda akajikuta anaanza upya.

Halafu kuna suala la malipo. Mwenyekiti wa LC1 hupewa na serikali kuu shilingi 120,000 kwa mwaka, yaani 10,000 kwa mwezi. Kwa hizo anaamshwa usiku kwa ugomvi wa ndoa, anaitwa polisi kushuhudia upekuzi, ananunua karatasi na wino wa muhuri. Ada za barua zinatokana na hapo. Haziwezi kuhalalishwa zikigeuka kuwa biashara, lakini asiyetaka kuliangalia jambo la malipo hawezi kuziondoa kwa kupiga makelele.

Barua ya LC1

Barua hii inatakiwa mara nyingi kuliko hati yoyote. Fomu ya NIRA, mamlaka ya usajili na vitambulisho, ya kuandikisha kitambulisho cha taifa ina sehemu ya LC1. Mdhamini anayekwenda kumtoa ndugu kwa dhamana mahakamani hubeba kitambulisho chake pamoja na barua ya kijiji chake. Benki huitaka kuthibitisha makazi, na shule huitaka kwa ufadhili wa masomo.

Barua inayokubalika ina mambo haya, na ukikuta limekosekana moja irudishe palepale kabla hujapanda boda: kichwa chenye kijiji, parishi, gombolola au divisheni na wilaya, vyote vinne, tarehe, jina la ofisi inayoandikiwa, majina yako kama yalivyo kwenye kitambulisho na kwa mpangilio uleule, namba ya kitambulisho, umekaa kijijini tangu lini, barua ni ya kazi gani, jina kamili la mwenyekiti, simu yake, saini na muhuri. Kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza.

Zinazokataliwa huwa na makosa yaleyale. Jina limeandikwa "Musa Okello" wakati kitambulisho kinasema "Okello Musa". Muhuri umegongwa juu ya saini hadi haisomeki. Barua imeandikwa kwa yeyote anayehusika, na benki inataka jina lake. Tarehe ni ya miezi mitano iliyopita. Lililo gumu zaidi ni kijiji: baada ya wilaya mpya na magombolola mapya kukatwa, kitambulisho chako kinasema wilaya ya zamani na muhuri unasema mpya. Hapo mwombe mwenyekiti aandike sentensi moja ya nyongeza kwamba kijiji hiki zamani kilikuwa chini ya gombolola fulani. Sentensi hiyo inaokoa safari.

Mpangaji mgeni asingoje shida ndipo ajitambulishe. Nenda wiki ya kwanza na mwenye nyumba wako, ubebe nakala ya kitambulisho au pasipoti, uandikwe kwenye daftari la wakazi. Mwenyekiti asiyekujua ana haki ya kukataa kusema anakujua, na kwa kweli anapaswa kukataa. Barua za kununua, zinazotolewa kwa mtu ambaye hajawahi kulala kijijini, ndizo zinazotumika kudhamini wakimbiao kesi na kuuza viwanja vya watu.

Na kuhusu viwanja: kwenye mauzo ya kibanja (kipande cha mkaaji kilicho juu ya ardhi ya mwingine) au ardhi ya kimila, LC1 huja kama shahidi pamoja na majirani wa mipaka. Wako wanaodai asilimia 10 ya bei. Sheria haiwapi asilimia yoyote. Vilevile saini ya LC1 haihamishi umiliki, haisafishi mgogoro, na haichukui nafasi ya idhini ya mke au mume pale ambapo familia inaishi au kupata riziki kutokana na ardhi hiyo. Sheria ya Ardhi inaitaka idhini hiyo wazi, na mauzo yaliyofanyika bila hiyo yanaweza kubatilishwa. Kwa kibanja kilicho juu ya ardhi ya mailo, yaani ardhi ya mtu binafsi yenye hati, hasa Buganda, mwenye ardhi naye lazima aridhie. Mnunuzi anayemwona mwenyekiti peke yake na kurudi nyumbani akidhani amemaliza, amenunua kesi.

Mahakama ya chini ya mwembe

Sheria ya Mahakama za Halmashauri ya 2006 ndiyo inayoongoza hapa. Kwa LC1 na LC2, mahakama ni kamati yenyewe. Ili kikao kiwe halali wanatakiwa watu wasiopungua watano, na wawili kati yao wawe wanawake. Wakili haruhusiwi kumwakilisha mtu. Lugha ni ile inayoeleweka pale. Mashtaka yanaweza kutolewa kwa mdomo, lakini lazima yaandikwe, na kesi hufunguliwa mahali anapoishi mshtakiwa au mahali jambo lilipotokea, si mahali mshtaki ana rafiki kwenye kamati.

Kesi zinazopelekwa ni za madeni, mikataba, kupigana, kuharibu mali na kuingia eneo la mtu, kwa thamani isiyozidi shilingi milioni 2. Zipo na za kimila: ardhi ya kimila (ambayo, kama utakavyoona, huanzia LC2), mrithi wa kimila ni nani, baba wa mtoto ni nani, na kama mwanamke ameolewa kwa mila au hapana. Watoto waliokosa kwa wizi mdogo, kupigana au uharibifu wa mali nao huanzia LC1, kwa sababu sheria ya watoto haitaki mtoto apelekwe mbali kwa kosa dogo. Mahakama inaweza kuamuru mapatano, fidia, kurudisha mali, kuomba msamaha, au kutoa onyo. Haiwezi kumfunga mtu. Haiwezi kumchapa. Haiwezi kumfukuza kijijini, hata kijiji kizima kikinyoosha mkono.

Ubakaji, unajisi wa mtoto, mauaji, wizi wa kutumia nguvu: hizi si kesi za LC kabisa. Kamati inachopaswa kufanya ni kulinda ushahidi na kupeleka jambo polisi siku hiyohiyo. Kuketi na kukubaliana mbuzi wawili na pesa kidogo baada ya msichana wa miaka 14 kuharibiwa ni kumfanyia uhalifu mara ya pili, na wanaokaa kwenye kikao hicho wanafaa kuhesabiwa miongoni mwa wakosaji. Naandika hivi kwa ukali kwa sababu vikao hivyo bado vipo, na kila mara huitwa upatanisho.

Kosa la pili kwa ukubwa ni ardhi kuanzia LC1. Tangu marekebisho ya Sheria ya Ardhi ya 2004, mgogoro wa ardhi unaanzia LC2, kwenye parishi. LC1 wanaweza kwenda kuangalia mipaka, wanaweza kutoa ushahidi, lakini wakisikiliza na kutoa hukumu, hukumu hiyo haina miguu. Mahakama za juu zimezitupa nyingi kwa sababu hii moja. Ardhi yenye hati miliki iliyosajiliwa, nayo, usiihangaishe LC. Nenda kwa hakimu.

Ukishindwa LC1 unakata rufaa LC2, kisha LC3, kisha kwa Hakimu Mkuu, na toka hapo Mahakama Kuu kwa ruhusa maalumu. Muda ni siku 14 tangu hukumu. Siku hizo ndizo zinazowaponza watu. Wanasubiri nakala ya hukumu, na mwandishi yuko shambani, daftari limefungiwa, mwenyekiti amesafiri. Siku ya hukumu usiondoke bila mambo mawili: tarehe imeandikwa, na umeomba nakala kwa maandishi huku ukibaki na nakala ya ombi lako iliyogongwa muhuri. Hilo ombi ndilo utakalomwonyesha wa juu akikuuliza kwa nini umechelewa.

Angalia pia daftari lenyewe. Rekodi nzuri ya LC ina majina ya waliokaa, nani alikuwa mwanamke, nani alizungumza na alisema nini, maswali aliyoulizwa na upande wa pili, na saini za wote mwishoni. Rekodi mbaya ina mstari mmoja: "Kamati imeamua fulani alipe." Nyingine ina saini ya mwenyekiti peke yake, na hapo hakuna mahakama iliyokaa. Kama ndugu au mshirika wa biashara wa mpinzani wako yuko kwenye kamati, sema mwanzoni kabisa ili ajitoe, na uhakikishe pingamizi lako limeandikwa. Ukilileta kwenye rufaa tu, utaulizwa ulikuwa wapi.

Onyo dogo kwa wanaopenda kutaja vifungu: toleo jipya la sheria zote za Uganda lilianza kutumika Julai 1, 2024, na namba nyingi za sura na vifungu zimebadilika. Kijitabu cha zamani kitakupa namba isiyolingana na ya hakimu.

Pesa ziko wapi

Kwa sheria, gombolola likikusanya kodi na ushuru wa ndani, linabaki na asilimia 65 na kupeleka 35 wilayani. Katika ile 65, robo inagawiwa vijiji, asilimia 5 parishi, asilimia 5 saza. Tufanye hesabu ya gombolola la mfano lililokusanya shilingi milioni 10 kwa mwaka. Wilaya inachukua 3,500,000. Zinabaki 6,500,000. Vijiji vyote kwa pamoja vinapata 1,625,000. Kama ni vijiji 40, kila kimoja kina 40,625 kwa mwaka mzima. Parishi zote zinagawana 325,000, saza vilevile, na gombolola linaendesha kazi zake kwa 4,225,000. Wanakijiji wanaomuuliza mwenyekiti amekula pesa za kalavati waanze na hesabu hii. Halafu waende gombolola kuuliza kama hizo 40,625 zenyewe zilitoka, maana mara nyingi hazitoki, na hilo ni swali halali kabisa.

Zamani kulikuwa na kodi ya kichwa. Iliwatesa watu, wanaume walikuwa wanakimbilia vichakani askari wa gombolola wakipita. Ilifutwa 2005, na ilikuwa haki kuifuta. Lakini ndiyo iliyokuwa mhimili wa mapato ya gombolola, na kodi ya huduma za mitaa iliyoletwa 2008 haikuziba pengo. Sasa sehemu kubwa mno ya bajeti ya wilaya hutoka Wizara ya Fedha, tena ikiwa imeshapangiwa kazi: hii ni ya mishahara ya walimu, hii ya dawa, hii ya barabara. Baraza la wilaya haliwezi kuzihamisha. Kwa maoni yangu hapa ndipo ugatuzi wa 1997 ulipovunjika. Madaraka yaliteremshwa wilayani na mkoba ukabaki Kampala.

Hili linaeleza kwa nini kuelewa wakubwa wa wilaya ni muhimu. Mwenyekiti wa LC5 anachaguliwa na watu na ndiye kiongozi wa kisiasa, lakini hatii saini malipo. Anayetia ni CAO, ofisa mkuu wa utawala wa wilaya, mtumishi wa umma anayewajibika kwa kila shilingi, na tangu mabadiliko ya katiba ya 2005 huyo huteuliwa kutoka Kampala. Watumishi wengine huajiriwa na tume ya utumishi ya wilaya. Pembeni yao yuko RDC, aliyeteuliwa na Rais, anayeiwakilisha serikali kuu na kuongoza kamati ya usalama ya wilaya. RDC hukagua miradi na husikiliza malalamiko. Hana mamlaka ya kuhukumu kesi ya ardhi wala kufuta hukumu ya LC, ingawa watu humpelekea mafaili hayo kila siku na wengine wao huyapokea. Barua ya RDC ya kusimamisha ujenzi inaweza kumtisha jirani yako kwa muda, na mahakamani isikusaidie lolote.

Mbunge naye hana bajeti ya barabara. Bunge la 11, la 2021, lilianza na wabunge 529 wa kuchaguliwa, na kazi yao ni sheria, bajeti ya taifa na kuihoji serikali. Ada ya shule, jeneza na bati za kanisa ni mzigo tuliowatwika sisi, na wanaulipia kwa kutofanya lile tulilowatuma.

Ukitaka daraja, au kisima, au darasa, fuata kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mapendekezo hutoka kijijini kwenda parishi, gombolola na wilaya, na mkutano wa bajeti wa wilaya kwa kawaida huwa kati ya Oktoba na Novemba. Mabaraza hupitisha bajeti kabla ya Mei 31. Ombi lililofika Aprili limekuta orodha imefungwa. Liandike Agosti au Septemba: eneo kamili, watu wangapi wanatumia, nani ametoa ardhi na ametia saini wapi, kisha muhuri wa LC1 na LC2, nakala kwa diwani wako wa LC3 na wa LC5. Suala la ardhi lisipoeleweka, mradi hukwama hata pesa zikiwepo. Mwenye shamba hubadili mawazo trekta likishafika, na fedha ambazo hazijatumika hadi Juni 30 hurudi hazina kuu.

Afya inafuata ngazi zilezile, na ukijua hivyo hupotezi muda mgonjwa akizidiwa. Kijijini ni wahudumu wa kujitolea, wanaoitwa VHT. Kituo cha afya cha II ni cha parishi, hutibu wagonjwa wasiolazwa tu. Cha III ni cha gombolola, kina uzazi na maabara. Cha IV ni cha saza, na kinatakiwa kuwa na chumba cha upasuaji na daktari. Mama mwenye uchungu uliokwama asipelekwe cha II kwa sababu kiko karibu. Uliza mapema kama chumba cha upasuaji cha kituo cha IV chenu kinafanya kazi kweli, kwa sababu vingine vina jengo na havina mtu wa kutoa dawa ya usingizi.

Parishi, iliyokuwa imelala, iliamshwa na PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi uliozinduliwa Kibuku Februari 2022. Kila parishi hupewa shilingi milioni 100 kwa mwaka kupitia SACCO yake, yaani chama cha akiba na mikopo, na kaya hukopa hadi milioni 1 kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Lazima uwe mkazi, uwe kwenye kikundi cha shughuli moja, na uwe umeorodheshwa. Anayedaiwa "pesa ya fomu" ajue hakuna ada kama hiyo.

Kampala ina utaratibu wake. Tangu sheria ya 2010 mji uko chini ya KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, yenye Meya Mkuu aliyechaguliwa, mkurugenzi mtendaji aliyeteuliwa na Rais, na waziri juu yao. Divisheni ni tano: Central, Kawempe, Makindye, Nakawa na Rubaga. Kwa mpangaji, utaratibu wa LC1 wa zoni ni uleule. Katika makazi ya wakimbizi kama Nakivale, Kyaka II na Kyangwali, ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni, kuna kamati za ustawi wa wakimbizi, RWC, zilizopangwa kwa mfano wa LC, chini ya kamanda wa makazi kutoka Ofisi ya Waziri Mkuu. Mkimbizi mwenye ugomvi na mwenyeji wa kijiji cha jirani aombe RWC na LC1 wakae pamoja, na rekodi iandikwe na pande zote mbili, kila upande ubaki na nakala yake.

Mwenyekiti akikataa kukuandikia bila sababu, mwombe aandike kukataa kwake, au mwite katibu mkuu wa kamati asikie. Hatua inayofuata ni mwenyekiti wa LC2, kisha chifu wa gombolola, ambaye ni mtumishi wa serikali mwenye ofisi na saa za kazi. Akidai rushwa, malalamiko yanapelekwa IGG, ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali inayopambana na rushwa, yenye ofisi za mikoani. Andika tarehe, kiasi alichotaja, na nani alikuwepo, siku hiyohiyo kabla hujasahau.